Telekomande Iliyokwenda Ruti

Sisi tuliotoka Burundi tunakiita kile kitu telekomande. Wenyeji wa Mbarara wanakiita rimoti. Baba yangu alikiita fimbo, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kwake kilikuwa fimbo kweli.

Huko tulikotoka, baba alikuwa mushingantahe, mmoja wa wale wazee ambao watu huwapelekea ugomvi wao kabla haujafika serikalini. Mtu wa namna hiyo hupewa fimbo. Anasikiliza upande huu, anasikiliza upande ule, halafu anagonga ardhi kwa fimbo yake na kusema neno. Likishasemwa, waliogombana wanakunywa pamoja na kurudi makwao. Siku tuliyokimbia, fimbo ya baba ilibaki nyuma ya mlango. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, hakuna aliyempa nyingine, lakini ugomvi haukubaki mpakani, ulivuka nasi. Kuku wa huyu kwenye mtama wa yule, mpaka wa shamba uliosogea wenyewe usiku, maneno ya bombani. Watu wakaanza kuja kwake mmoja mmoja, kisha wawili wawili, maana kesi haina mtu mmoja. Baba alihitaji kitu cha kugongea, na kitu kilichokuwa mkononi mwake saa zote kilikuwa telekomande.

Kwa hiyo telekomande yetu haikuwa na sura ya telekomande za watu. Kona moja ilikuwa imemegeka kwenye kesi ya bata. Kifuniko cha betri kilivunjika kwenye kesi ya mwanamke aliyemwita mwenzake mchawi, kesi iliyogongewa mara tano. Betri zilishikwa na kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kikazungushwa mara nne, si tatu, maana kwa tatu zilichomoka. Juu ya hayo yote mama aliivalisha mfuko wa nailoni. Mama haamini kitu kisichofunikwa.

Televisheni yenyewe niliinunua mimi. Ni fundi cherehani, nina meza yangu Base Camp, penye soko la kambi, na mwaka ule sare za shule zilikuwa nyingi. Ilikuwa imetumika, jina la kampuni limefutika, na vitufe vyake vya nyuma vilikwisha kufa vyote isipokuwa kimoja cha kuwashia. Muuzaji aliniapia kwamba vitufe ni mambo ya zamani, kila kitu kiko kwenye telekomande. Hakusema uongo. Nilikuja kuutambua ukweli wake baadaye, na haukunifurahisha.

Sasa niseme siri, maana bila siri hii ni hadithi ya plastiki tu.

Baba yangu alikuwa hasikii. Nilijua siku ya mvua. Nyumba yetu ina mabati, na mvua ya huku ikianguka juu ya mabati, mtu na mkewe wanaongea kwa mikono. Siku hiyo ilikuwa inapiga hivyo, mimi nimeziba masikio, na baba amekaa na kisu chake anamenya muhogo kwa utulivu. Akainua macho akatazama mlangoni. "Kumbe mvua inanyesha," akasema. "Mvua za siku hizi zina adabu. Zinakuja kimyakimya."

Nilimtazama, naye akanitazama, akajua kwamba nimejua. Aliweka kisu chini.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Wala mtu yeyote."

Nikamwambia kuna madaktari wa masikio Mbarara. Akasema masikio yake hayajapotea, yapo mawili, hesabu. Halafu sauti ikashuka, na mimi ndiye niliyelazimika kusogea ili nisikie.

"Nani atampelekea kesi mtu asiyesikia?"

Kazi ya mushingantahe ni kusikiliza. Ng'ombe alikuwa hana tena, shamba lake ni la mgawo, fimbo iko nyuma ya mlango wa nyumba ambamo sijui nani anakaa. Kilichobaki kumfanya awe yeye ni watu kuja pale barazani na kusema, Mzee, tusikilize. Nikaitunza siri. Niliitunza kwa kiburi pia, nakiri, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyeaminiwa.

Na mzee alikuwa na ujanja. Aligundua, sijui lini, kwamba televisheni ikiwekwa sauti thelathini na nane, kila aliyemo ndani hulazimika kupiga kelele ili asikike. Na watu wakipiga kelele, yeye anasikia. Kwa hiyo kesi za kwetu zilisikilizwa televisheni ikinguruma. Mwenye kuku anafoka, mwenye mtama anafoka, mtangazaji wa habari naye anafoka kana kwamba kuku ni wake. Mgeni akithubutu kusema, "Mzee, tupunguze kidogo?" baba anamjibu, "Hapana, nangoja habari." Habari hizo alizingoja hata saa nne asubuhi.

Ndiyo maana naijua ile namba. Thelathini na saba haikutosha, thelathini na tisa ilitikisa vikombe.

Basi Jumapili moja jioni tulikuwa tunasali rozari. Desturi ya mama ni kuiacha televisheni ikiwaka lakini kuishusha sauti mpaka sita, kwa sababu anasema ikizimwa inachelewa kuamka. Na kwa kuwa baba ana tabia ya kunyoosha mkono kuelekea telekomande katikati ya fumbo la tatu, mama huificha mpaka tumalize. Jioni ile mbele yake palikuwa na kikapu, kile cha kwetu chenye kifuniko kirefu cha ncha, kimejaa maharage. Kesho yake alikuwa anakwenda Ruti, kule Mbarara, kumhemba mke wa mdogo wangu wa kiume aliyejifungua. Kuhemba ni kumpelekea mzazi chakula, umwone mtoto, umshukuru Mungu, ule kidogo, urudi. Mama akaichomeka telekomande ndani ya maharage, akaendelea na Salamu Maria. Mimi nilikuwa nimefumba macho, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikisali kwa bidii, na ona malipo yake.

Kabla ya rozari kwisha, umeme ukakatika. Hakuna aliyehitaji telekomande tena. Asubuhi na mapema mama akafunika kikapu, akakipakia, akaenda.

Umeme uliporudi, televisheni iliamka pale ilipolalia. Sita.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ilipekuliwa kana kwamba ina ishirini. Nilitoa godoro nje. Nilimwaga ndoo ya nguo. Baba alikuwa anazunguka nyuma yangu akisema kwamba yeye hana haja na televisheni, ni kitu cha watoto, ila basi tu, nyumba isiyo na utaratibu inamkera, na je, nimetazama chini ya jiko? Nikatazama chini ya jiko. Jirani yetu mmoja alipita akamwambia jambo kwa sauti ya kawaida, na baba akamjibu, "Ameen." Jirani alikuwa amemuuliza kama tuna chumvi.

Jirani huyo alikuwa amekuja na jingine. Mbuzi wa mjane Mkongomani anayekaa upande wa chini alikuwa amekula maharage yake. Walikuwa wamekubaliana kuleta kesi kwa Mzee, Jumapili baada ya misa. Hayo aliniambia mimi, nami nikamwandikia baba kwenye karatasi ya vipimo vya nguo, kati ya kiuno na urefu wa mkono. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Jumapili," akasema. "Itakuwa imepatikana."

Mama alirudi Jumanne jioni, amejaa habari za mtoto, pua ya mtoto, namna mtoto anavyopiga chafya. Akaona godoro nje. Nikamwuliza kuhusu telekomande. Alikaa chini polepole, akavua kiatu kimoja, akabaki na kingine.

"Iko mu maharage," akasema.

"Maharage gani?"

"Ya Ruti."

Msomaji asiye wa kwetu atasema, si kitu, pigeni simu. Haya, nieleze. Kikapu cha kuhembea hakiulizwi. Kinakwenda kimejaa, kinakaa huko, na siku kikirudi, kinarudi na kitu ndani, kwa sababu kikapu hakirudishwi kitupu. Lini kitarudi ni shauri la waliokipokea. Ukiuliza habari za kikapu, umedai ulichotoa. Na hawa hawakuwa watu wa kuulizwauliza. Mdogo wangu alikuwa ameoa kwenye familia ya Warundi waliohamia Ruti zamani, wafanyabiashara wa matoke, na alikuwa anakaa nyumba moja na mama mkwe wake, mwanamke mwenye heshima zake na kumbukumbu ndefu.

"Nimpigie mdogo wangu tu, kwa siri," nikasema.

"Ukipiga hiyo simu," mama akasema, "minakwambia, mie nitarudi Burundi kwa miguu. Watatucheka mpaka Ngarama. Watu walete maharage, kisha waseme rudisheni!"

"Hatuombi maharage, mama. Tunaomba telekomande."

"Ilikuwa ndani ya kikapu. Kilichokuwa ndani ya kikapu kimetolewa."

Hapo hapakuwa na rufaa. Alhamisi nikafunga cherehani, nikaenda Mbarara kutafuta nyingine.

Kuna mzee mmoja Mwislamu mwenye kibanda karibu na soko, ambaye rimoti zake zimening'inizwa kwa kamba kuanzia juu mpaka chini, huwezi kuona ukuta. Nilimweleza shida yangu. Akaniita nyabo, yaani mama, kama wanavyoita huku.

"TV yako iko ya kampuni gani, nyabo?"

"Jina limefutika."

"Bambi," akasema, yaani pole. Alinitazama kama daktari anayeambiwa mgonjwa hana kichwa. "Na ile rimoti ya zamani, wewe nakuja nayo?"

"Ningekuwa nayo ningekuja kufanya nini?"

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Akachomoa moja nyeusi inayong'aa, nyepesi kama ganda la yai, akaielekeza kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu kikawaka kitaa kidogo cha zambarau, ambacho kwa macho matupu hukioni. Nilifurahi kama mtoto, hata nikaomba anionyeshe tena.

"Hii iko ya TV yote," akasema. "Hapa iko na karatasi ya namba. Wewe naingiza namba moja, kama TV nakataa, naingiza ingine. Mpaka TV nachoka, nakubali."

"Na sauti inaongeza?"

"Sauti, chaneli, yote. Wengine nauliza picha. Wewe nauliza sauti tu. Nyumbani iko mtu masikio yake kidogo?"

Nilimwambia hapana, haraka mno. Alinifungia rimoti kwenye gazeti na hakuuliza tena. Aliongeza tu kwamba mama yake naye alikuwa hivyo, na kwamba yeye mpaka leo sauti yake kubwa ameipata kwa mama yake. Kweli, tangu nifike alikuwa anaongea kama mwadhini.

Ningeweza kurudi nyumbani moja kwa moja. Lakini uko Mbarara, mtoto wa mdogo wako ana siku kadhaa duniani, usiende kumwona? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilitaka kukiona kikapu kwa macho yangu. Labda kimewekwa tu kwenye kona na maharage yake. Labda watatoka wote kumpungia mtu mkono, nami nina vidole vyepesi, ni fundi.

Nilikaribishwa vizuri. Mdogo wangu alikuwa kazini, mzazi amelala na mtoto wake. Mama mkwe akaniketisha sebuleni, akaenda kuleta chai, nami nikageuza shingo.

Kikapu kilikuwa juu ya kabati, kitupu, kifuniko chake kimeegeshwa pembeni. Mbele yangu palikuwa na meza ndogo iliyosogezwa ukutani, imetandikwa kitambaa kipya cha kufuma, kile cha wageni wakubwa. Waya mpya wa umeme ulikuwa umevutwa kwenye ukuta mpaka pale. Na katikati ya kitambaa, peke yake, imevuliwa nailoni, imefutwa vumbi lote la kesi zetu, imelala telekomande ya baba.

Mama mkwe akarudi na chai, akaona ninapotazama. Akakaa. Akatabasamu.

"Tuliona," akasema. "Tukaelewa."

Nikasema, "Eeh, Mama."

"Mama yako ni mtu mzima. Hakusema kitu. Alikunywa chai yake, akaenda. Mimi nilipomwaga maharage nikaiona, nikamwambia binti yangu, ona watu wanaojua kuongea. Ametanguliza ufunguo, mlango unakuja."

Kwetu watu hawasemi kitu uso kwa uso. Ukienda kuposa unaweza kuzungumzia ndama aliyepotea nusu ya siku, na kila mtu mle ndani anajua ndama huyo amevaa gauni. Sasa nilielewa kilichotokea. Bibi mzaa baba ametuma telekomande ndani ya kikapu cha mjukuu. Kwa hiyo televisheni iko njiani. Wao, kwa adabu zao, wasingeweza kuuliza itafika lini, kama sisi, kwa adabu zetu, tusivyoweza kuuliza kikapu. Tungeweza kukaa hivyo mpaka mtoto aoe.

Chai ilinipalia. Nilikohoa, nikasifia kitambaa, nikasifia waya. Mama mkwe akainuka kumwangalia mtoto aliyeanza kulia, na mimi nikabaki na ile fimbo ya baba hatua mbili kutoka kwangu. Mungu ananiona, niliinuka. Nikaichukua. Lakini sikuiba. Mpira wa tyubu ulikuwa umelegea, umezungushwa mara tatu tu na mtu asiyejua, na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikauvuta na kuuzungusha mara ya nne. Kisha nikakisugua kile kidonda cha kesi ya bata kwa kidole gumba, kama baba anavyofanya akifikiri. Nikairudisha juu ya kitambaa.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alinipa mtoto nimpakate.

"Mzee hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo."

"Bado anasikiliza watu?"

"Bado, Mama. Ana kesi Jumapili."

"Vizuri," akasema. Hatukusema lingine la maana.

Ijumaa na Jumamosi tuliimaliza ile karatasi ya namba. Mama alisoma, mimi niliingiza. Namba moja iliwafanya watangazaji wote wawe kijani. Nyingine ilileta maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, tukabonyeza kwa hofu mpaka yakaondoka. Jumamosi alasiri televisheni, kama alivyotabiri yule mzee wa kibandani, ilichoka ikakubali. Iliwaka, ilizima, ilibadilisha chaneli. Sauti haikupanda hata hatua moja. Nilibonyeza kile kitufe mpaka kidole kikapata alama. Sita. Baba alisimama nyuma yangu akitazama namba ile.

"Basi," akasema. "Ya Mungu."

Usiku ule hakula vizuri, na mimi pia.

Jumapili baada ya misa walikuja. Mwenye maharage na ndugu yake, mjane mwenye mbuzi, na majirani wa kutosha kuijaza baraza na chumba, kwa kuwa kesi ya mbuzi ni burudani. Kwa sababu ya mjane iliendeshwa kwa Kiswahili. Televisheni ilikuwa inanong'ona kwaya ya mahali fulani. Baba alikaa kwenye kiti chake, amevaa koti, na mkononi ile rimoti mpya inayong'aa. Alikuwa mwembamba ndani ya koti lile kuliko nilivyowahi kumwona.

Akagonga meza kufungua shauri. Kwaya ikatoweka, wakatokea wanaume wawili wanene wanapigana mieleka. Watoto wakashangilia. Baba hakujua wanachoshangilia, akagonga tena kuwanyamazisha, kwa nguvu zaidi, na televisheni ikazimika kabisa.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia kuku akiparua nje. Nilisikia mtu akimeza mate. Sasa mjane atasimama, aone haya kama watu wanavyoona haya mwanzoni mwa kesi, aongee kwa sauti ya chini na macho ardhini, na baba atajibu "Ameen," na yote yatakwisha, hapa, mbele ya watu wote. Niliinuka niseme lolote, kwamba anaumwa, kwamba mimi ndiye ninayeumwa. Mama akanishika kitenge.

"Kaa," akasema.

Mjane akasimama. Akajaza kifua.

"MUZEE!" akapaza sauti, na kuku wa nje wakaruka. "ILE SIKU MBUZI YANGU ILIKUWA MU KAMBA! BATOTO BAKE NJO BALIFUNGULA!"

"MUONGO HUYO, MZEE!" mwenye maharage akajibu, mishipa imemtoka shingoni. "KAMBA ILIKUWA IMEOZA! HATA WEYE UNGEIKATA KWA MENO!"

"MAHARAGI ANASEMA MINGI, ILIKUWA MISTARI MBILI TU!"

"MISTARI SABA!"

Shahidi akapewa nafasi, mtu mpole ambaye nyumbani kwake hasikiki hata akiita mke wake, naye akafoka. Wapita njia walisimama wakidhani watu wanauana. Televisheni ilikuwa imezimwa, kioo cheusi, hapakuwa na kitu chochote cha kushindana nacho mle ndani, na kila mtu alikuwa anapiga kelele, akimtazama baba usoni, akitamka neno moja moja na midomo wazi. Hawakuwa wamekubaliana asubuhi ile. Walikuwa wamezoea. Nilikumbuka kwamba huyu mwenye maharage ndiye jirani wa chumvi, nikakumbuka kwamba baada ya lile "Ameen" hakucheka wala hakurudia. Alinieleza mimi habari ya mbuzi, akaenda kuomba chumvi nyumba ya pili.

Baba akainua mkono. Wakanyamaza.

"Mbona mnapiga kelele?" akauliza. "Mimi si kiziwi."

"HAPANA, MZEE!" wakajibu wote kwa pamoja.

Nililia. Niseme wazi, haukuwa moshi wala vumbi, nililia kwenye ncha ya kitenge changu, kwa aibu ya kudhani siri ile ni yangu, na kwa furaha ambayo bado sijui niiweke wapi.

Baba alifikiri kwa muda wake. Akaamua mjane apeleke mbolea ya mbuzi wake kwenye shamba lile mpaka msimu uishe na asaidie palizi siku mbili, na mwenye maharage asuke kamba mpya kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa aliiona imeoza akanyamaza. Akainua rimoti kugonga. Akaitazama. Akaiweka kando, akagonga meza kwa vifundo vya vidole. Wakanywa pamoja.

Walikuwa bado wanakunywa mdogo wangu alipofika kutoka Ruti na kikapu. Mama alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, hakukifungua mpaka wageni walipoondoka. Ndani kulikuwa na sukari, mche wa sabuni, na chini kabisa telekomande ya baba, imevalishwa nailoni mpya. Pembeni yake betri mbili ambazo hazijatolewa kwenye karatasi yake.

"Mama mkwe anasema," mdogo wangu akaeleza, asijue anasema nini, "eti betri zilikuwa zimechoka, ndiyo maana mlituma tuwatilie mpya."

Mama alikipakata kikapu. "Yule mwanamke," akasema. Halafu akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimemsimulia yote ya Ruti. "Na ile meza imetandikwa kitambaa?"

"Imetandikwa, mama. Na waya umevutwa."

"Basi utashona," akasema. Nami nashona mpaka leo, sare kwa sare, nikitafuta bei ya televisheni nyingine, maana meza ile haiwezi kukaa tupu, na watu wa Ruti hawataniuliza kamwe.

Mama akatia betri mpya, akazungusha mpira mara nne, akaiwasha televisheni. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Kumi. Ishirini. Nilitaka kumwambia pa kusimama, kisha nikafunga mdomo. Alisimama thelathini na nane, bila kutazama kioo, akiwa tayari anamnyooshea baba fimbo yake.

Baba akaipokea. Aliangalia namba, akamwangalia mama, akaniangalia mimi. Akashusha mpaka thelathini na tano.

"Kuna watu wana masikio," akasema.

Mama akamnyang'anya, akairudisha thelathini na nane.